Nachoma sindano ya kupunguza mwili, chakula hakishuki, na nina upasuaji baada ya wiki mbili

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nafanya kazi ofisi moja kule Mtumba, sina kisukari wala presha. Nina kilo 78 na urefu wa sentimita 162. Rafiki yangu aliletewa kalamu ya sindano ya semaglutidi kutoka nje, tukaamua kuchangia, kila mtu na kisindano chake. Nimeshachoma mara mbili, nusu miligramu kila wiki. Tangu sindano ya pili, nikila ugali na mlenda saa saba mchana, mpaka saa tatu usiku bado nausikia umekaa hapa kwenye chembe ya moyo. Nabeua harufu ya yai viza, na jana asubuhi nilitapika nikaona mlenda niliokula juzi mchana. Ofisini wananiambia dawa hii inaua tumbo moja kwa moja na chakula kinaozea ndani. Sasa baada ya wiki mbili nafanyiwa upasuaji wa kuondoa faibroidi, ule uvimbe wa kwenye kizazi, nimeambiwa nisile kitu kuanzia saa sita usiku. Rafiki yangu anasema nisiwaambie madaktari habari ya sindano, wataahirisha, na mimi nimeshapewa ruhusa kazini. Je, tumbo langu litarudi? Na nikikaa bila kula usiku ule, si inatosha?"

Marahaba, mdogo wangu. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu hilo lina tarehe. Hapana, haitoshi. Mtu mwenye dalili ulizoandika anaweza kukaa usiku kucha bila kula na bado akaingia chumba cha upasuaji tumbo lake likiwa na chakula. Na katika yote uliyoandika, la hatari kuliko mengine ni huo ushauri wa kuficha. Kuhusu tumbo kurudi: ndiyo, litarudi. Dawa hii haijaliua. Ila nataka uelewe inachofanya, maana ukielewa hapo utaona mwenyewe kwa nini nakuomba uwaambie wanaokupasua.

Tumbo la mtu mzima mwenye afya halimwagi chakula ovyo. Maji matupu hayakawii, nusu yake huwa imeshapita ndani ya dakika 20 hivi. Chakula kigumu kina utaratibu wake. Kwanza kinakaa dakika 20 hadi 30 kabla hata ya kuanza kutoka. Sehemu ya juu ya tumbo inalegea ili kukipokea, ya chini inakisaga kwa mikazo ya kama mara 3 kwa dakika. Kilango cha kutokea kuelekea utumbo mdogo kinapitisha chembe za milimita 1 au 2 tu, na kipande kikubwa kinasukumwa nyuma kikasagwe tena. Kwa mlo wa kawaida, nusu huwa imeshatoka baada ya muda wa saa 2 hivi, na zikitimia saa 4 kinachobaki kwa kawaida ni chini ya asilimia 10. Mlo wenye mafuta mengi unachelewa zaidi, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuona sindano.

Anayepanga kasi hiyo ni utumbo wenyewe. Umewahi kumwangalia kijana wa mashine ya kusaga? Akisikia mashine inazidiwa anabana kibao cha pipa la juu, mahindi yateremke kidogo kidogo. Utumbo nao, ukifikiwa na sukari na mafuta, unatuma ujumbe kwa tumbo: punguza. Sehemu ya ujumbe huo ni homoni iitwayo GLP-1, inayotengenezwa na seli zilizo kwenye ukuta wa utumbo. Inafanya kazi kwa sehemu kubwa kupitia mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaounganisha ubongo na tumbo. Sehemu ya juu ya tumbo inalegea zaidi, mikazo ya chini inapungua, kilango kinabana. Tunajua kwamba homoni yetu wenyewe ndiyo inayofanya hivi, kwa sababu watafiti waliwapa watu wenye afya kemikali inayoizuia isifanye kazi, na matumbo yao yakamwaga chakula haraka zaidi kuliko kawaida.

Kwa hiyo kuchelewesha tumbo ni kazi ya kila siku ya mwili wako, nawe umekuwa nayo tangu utotoni. Tofauti iko kwenye muda. GLP-1 ya mwili inaishi kwenye damu dakika 2 hivi tu, kisha kimeng'enya kinaivunja. Semaglutidi inaiga homoni hiyo, ila imetengenezwa ili isivunjwe upesi, na inachukua kama wiki nzima kupungua hadi nusu. Tumbo lililozoea ujumbe wa dakika chache sasa linaambiwa "punguza" mchana na usiku, siku saba.

Dawa ya kwanza ya kundi hili, eksenatidi, ilitokana na kemikali iliyo kwenye mate ya mjusi mwenye sumu aitwaye Gila, anayeishi majangwa ya kusini magharibi mwa Marekani. Daktari John Eng wa New York ndiye aliyeigundua, na dawa ikaidhinishwa kule mwaka 2005 kwa wagonjwa wa kisukari. Naitaja kwa sababu imefundisha mengi kuhusu watu wasio na kisukari, ambao ndio wewe. Mwaka 2020 watafiti wa Adelaide, Australia, walichapisha utafiti wa watu wenye afya ila wenye uzito uliozidi kidogo, waliochomwa eksenatidi ya mara moja kwa wiki kwa wiki 8. Walipewa chakula na kinywaji vilivyotiwa mionzi hafifu, kisha mashine ikafuatilia vinavyotoka tumboni. Vyote viwili vilichelewa, na waliochelewa zaidi ni wale ambao mwanzoni matumbo yao yalikuwa mepesi kumwaga. Hii ndiyo maana wewe na rafiki yako mnaweza kuchoma kipimo kile kile, mmoja akala pilau na kuendelea na kazi, mwingine akashinda ameshika chembe ya moyo.

Kuna jambo jingine lililoonekana kwa watu wenye afya ambalo hata baadhi ya wahudumu wa afya hawalijui. Dawa hizi zinasifiwa kwa kusukuma kongosho itoe insulini. Lakini mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba mtu asiye na kisukari akipewa GLP-1 kisha akala, insulini yake baada ya mlo inapungua badala ya kupanda. Sababu ni kwamba chakula kimebanwa tumboni, sukari inaingia kwenye damu kidogo kidogo, kwa hiyo kongosho haina haraka. Ndiyo maana pia, ikitumika peke yake, dawa hii kwa kawaida haimshushi mtu mwenye afya sukari mpaka azimie.

Je, tumbo halizoei? Linazoea, kwa kiasi fulani. Mwaka 2011 watafiti wa Ujerumani waliwawekea watu wenye afya dripu ya GLP-1 kwa saa nyingi mfululizo na kuwapa milo miwili ya kimiminika. Wa kwanza ulichelewa sana, wa pili, saa 4 baadaye, ulichelewa kidogo tu. Kutokana na hilo watu wengi, madaktari wakiwemo, wakachukulia kwamba dawa za kukaa muda mrefu mwilini hazigusi tumbo tena baada ya wiki chache. Imani hiyo ilipewa nguvu na majaribio yaliyopima kasi ya tumbo kwa paracetamol: mtu anameza, kisha damu inapimwa kuona imefika saa ngapi. Tatizo la kipimo hicho ni kwamba kinafuata kimiminika, nacho hakina shida sana ya kupita kilango. Mwaka 2023 watafiti wa Slovenia walipima chakula kigumu kwa wanawake wanene wenye matatizo ya vifuko vya mayai, wasio na kisukari, waliotumia semaglutidi kwa wiki 12 mpaka miligramu 1. Muda wa saa 4 baada ya kula, waliochomwa dawa walikuwa bado na asilimia 37 ya chakula tumboni. Waliochomwa sindano isiyo na dawa hawakuwa na kitu. Kwa hiyo kichefuchefu mara nyingi hupungua kadiri wiki zinavyokwenda, lakini mtu asikuhakikishie kwamba tumbo lako limerudia kasi yake kwa sababu tu hujisikii vibaya.

Sasa maneno ya ofisini. Chakula hakiozi tumboni kama kinavyooza ndooni, maana tumbo lina asidi kali. Kinachotokea ni kwamba kikikaa muda mrefu gesi zinajikusanya, nyingine zina salfa, na hizo ndizo zenye harufu ya yai viza. Inaudhi, lakini si dalili ya tumbo kufa. Wapo pia wanaosema kichefuchefu ndicho kinachopunguza uzito, usipotapika ujue dawa ni feki. Si kweli. Sehemu kubwa ya kupungua inatokana na dawa kufika kwenye maeneo ya ubongo yanayoongoza njaa. Na nakuomba usijaribu kujisafisha kwa magadi au dawa za kuharisha. Dawa za kuharisha zinafanya kazi chini, kwenye utumbo. Chakula chako kimekaa juu, utabaki umeishiwa maji na tumbo bado limejaa.

Ila sitaki nikutulize kupita kiasi. Kushiba muda mrefu ni jambo linalotarajiwa. Kutapika asubuhi mlenda wa juzi yake mchana si jambo la kuvumilia nyumbani. Unahitaji kuonwa ndani ya siku mbili tatu hizi, kabla hata ya habari ya upasuaji. Sehemu ya maelezo naiona kwenye kipimo chako. Semaglutidi huanzwa na robo miligramu kwa wiki, kwa wiki 4, ndipo mtu apande kwenda nusu. Ninyi mmeanzia nusu. Sehemu nyingine inaweza kuwa faibroidi zenyewe: zikiwa kubwa zinasukuma utumbo na tumbo, na mtu anashiba kwa matonge mawili. Kwa barua siwezi kutofautisha. Kwa mkono na ultrasaundi inawezekana.

Nenda moja kwa moja hospitali, General au Benjamin Mkapa au yoyote iliyo karibu, bila kusubiri kliniki, ukiona hata maji hayakai, mkojo umekuwa mchache na wa rangi nzito, maumivu makali ya chembe ya moyo yanayochoma mpaka mgongoni, maumivu chini ya mbavu za kulia pamoja na homa au macho ya njano, au tumbo limevimba na hupitishi choo wala upepo. Na kwa jua letu hili la Dodoma kabla ya mvua, mtu anayetapika anakaukiwa haraka kuliko anavyodhani. Chukua pakiti za ORS, unywe kidogo kidogo.

Twende kwenye upasuaji. Ukipewa nusukaputi, koo linalala pamoja na wewe. Kikohozi na ule mshtuko wa kufunga njia ya hewa vinazimwa. Chakula kikipanda kutoka tumboni wakati huo kinaingia kwenye mapafu, unapaliwa ukiwa huwezi kukohoa. Asidi inaunguza mapafu, vipande vinaziba hewa, na mtu aliyeingia kwa upasuaji wa kawaida anaweza kuishia ICU, au asitoke. Haitokei mara nyingi. Haitokei mara nyingi kwa sababu watu wanafika tumbo likiwa tupu, na kanuni ya kutokula imepigiwa hesabu ya tumbo linalomwaga kwa kasi ya kawaida. Lako sasa hivi halina kasi hiyo.

Mwezi Juni 2023 chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani kilishauri sindano ya kila wiki isimamishwe wiki moja kabla ya upasuaji uliopangwa. Oktoba 2024 vyama kadhaa vya kule vikatoa mwongozo mpya, usiomlazimisha kila mtu kusimamisha: mgonjwa aangaliwe mmoja mmoja. Aliye kwenye hatua ya kuongeza kipimo, aliye kwenye kipimo kikubwa, na hasa mwenye kichefuchefu, kutapika au kujaa tumbo, ndiye mwenye hatari zaidi. Wewe umo humo, tena ukiwa na kutapika juu yake. Na kumbuka hesabu ya nusu kwa wiki. Hata ukiacha leo, siku ya upasuaji kama robo ya kiwango ulicho nacho sasa itakuwa bado mwilini, na mpaka karibu yote iishe ni wiki 5 hivi. Kuacha ni lazima, lakini kuacha peke yake hakumalizi jambo.

Kwa hiyo, kama ungekuwa mbele yangu ningekwambia hivi. Usichome tena. Wiki hii, usisubiri siku ya kulazwa, nenda kwenye kliniki iliyokupangia upasuaji uwaambie kwa maneno haya: "Natumia semaglutidi nusu miligramu, nimechoma mara mbili, ya mwisho tarehe fulani, na natapika chakula cha siku iliyopita." Omba waandike kwenye faili na omba kuonana na mtaalamu wa usingizi. Yeye anaweza kuamua siku nzima kabla ya upasuaji utumie vinywaji tu: maji, chai ya rangi, mchuzi wa supu uliochujwa. Uji si kinywaji kwa hesabu hii, hata ukiwa mwepesi. Siku yenyewe anaweza kuweka ultrasaundi juu ya chembe ya moyo. Tumbo tupu linaonekana dogo, limebanana, ukuta kwa ukuta. Lenye chakula linaonekana limetanuka, na ndani kuna ukungu wa vipande. Inachukua dakika chache. Akikuta chakula, ana njia mbili: kuahirisha, au kukulaza kwa namna ya kuwahi kuingiza mpira wa kupumulia unaokinga njia ya hewa kabla chochote hakijapanda. Wapo pia wanaochoma ganzi ya mgongoni, lakini hilo linategemea ukubwa wa faibroidi zako na mahali zilipo.

Inawezekana wakaahirisha, sitakuficha. Faibroidi zilizopangiwa tarehe kwa kawaida zinaweza kusubiri wiki chache, na ruhusa ya kazini inaombwa upya kwa barua ya daktari. Mtaalamu wa usingizi hana haja ya kukugombeza. Anachotaka ni kujua kabla, kwa sababu akijua anajiandaa.

Hizi wiki mbili kula kidogo kidogo mara nyingi, punguza mafuta na karanga kwenye mlenda, usilale mara baada ya kula. Na hapa naomba unisikilize vizuri: wenye faibroidi wengi wanapoteza damu nyingi kila mwezi na wanafika kwenye upasuaji wakiwa na upungufu wa damu. Mtu wa namna hiyo akikaa mwezi mzima bila hamu ya kula, anapunguza chuma na protini wakati mwili unavihitaji kuliko wakati wowote. Uliza damu yako ni ngapi. Kama tumbo linakataa nyama, jaribu maziwa, mayai laini, dagaa waliosagwa, maharage yaliyochujwa maganda.

Baada ya kupona tutazungumza kama dawa hii inakufaa. BMI yako, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni karibu 29.7. Utafiti mkubwa wa semaglutidi kwa uzito, uliochapishwa 2021, ulichukua watu wa BMI 30 na kuendelea, au 27 wakiwa tayari na tatizo kama presha. Walipungua wastani wa asilimia 14.9 kwa wiki 68, kwa kipimo cha miligramu 2.4, na hilo ni jambo kubwa. Waliofuatiliwa baada ya kuacha, mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha kama theluthi mbili ya walichopunguza. Kwa hiyo si dawa ya kujaribu miezi miwili kabla ya harusi. Kwa mtu asiye na kisukari wala presha, aliye chini kidogo ya 30, ningependa kwanza tuone faibroidi zikitoka tumbo linabaki kiasi gani, kwa sababu huenda unapigana na kitambi ambacho si mafuta. Na kama baada ya upasuaji unafikiria mtoto, dawa hii inatakiwa iwe imeachwa angalau miezi 2 kabla ya kubeba mimba. Kama unameza majira, ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, fuata maelekezo ya kidonge kilichosahaulika.

Limebaki la kuchangia kalamu. Kubadilisha kisindano hakutoshi. Unapobonyeza, chembe za damu ambazo macho hayazioni zinaweza kurudi ndani ya kalamu, na anayefuata anazipata hata akiwa na kisindano kipya. Kwa hiyo wewe na rafiki yako mpime virusi vya UKIMWI na homa ya ini B na C. Mwambie mhudumu tarehe ya mara ya mwisho mliyochangia. Kama ni ndani ya saa 72, kuna dawa za kuzuia VVU ambazo zinaweza kuanzwa, lakini zinataka uwahi. Vipimo virudiwe kwa tarehe mtakazopangiwa, kwa sababu majibu ya kwanza yanaweza kuwa ya mapema mno. Kalamu yenyewe, ambayo kabla ya kufunguliwa ilitakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 na baada ya hapo isizidi nyuzi 30, hamjui ilisafirije. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya semaglutidi bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Usiitupe. Ifunge kwenye mfuko, nenda nayo kliniki waone jina na namba ya toleo, na ikileta mashaka wataiwasilisha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.